Sauti ya Mvita katika Ukurasa wa Wavuti: Tagi za HTML na Ufundishaji wa Matamshi na Ushairi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna sauti, picha, video na mazoezi shirikishi yanavyopachikwa katika ukurasa wa wavuti kwa kutumia tagi za HTML. Mfano unaotumika ni Kimvita, lahaja ya kisiwa cha Mombasa, pamoja na ushairi wake. Hoja ya msingi ni kwamba hati ya Kiarabu na hati ya Kirumi, kila moja kwa namna yake, huficha sehemu ya matamshi ya lahaja hii, na kwamba sauti iliyopachikwa vyema inaweza kuziba pengo hilo. Aidha, makala yanaonyesha kuwa uteuzi mbaya wa tagi umewahi kuzinyamazisha kurasa nyingi duniani. Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuhifadhi sauti za wazee hana budi kuyafahamu mambo haya yeye mwenyewe badala ya kumwachia fundi pekee.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kale wa Mombasa una historia ndefu ya usomi na utunzi. Ni katika kisiwa hiki ambapo Muyaka bin Haji aliishi na kutunga, yapata 1776 hadi 1840, wakati Mazrui walipokuwa watawala wa mji. Mashairi yake yalidumu vinywani mwa watu kabla ya kukusanywa na kuandikwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa, akishirikiana na W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha kwa hati ya Kirumi, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mpana kuhusu mshairi huyo. Katika safari hiki kirefu cha kutoka kinywani hadi kitabuni, maneno yalinusurika. Mahadhi na matamshi ya watunzi na waghani wa awali hayakunusurika, kwa kuwa hakukuwa na chombo cha kuyanasa.

Leo vyombo vipo. Simu ya mkononi inanasa sauti kwa ubora ambao watafiti wa karne ya 19 wasingeuwazia. Hata hivyo, kunasa ni jambo moja na kumfikishia msomaji ni jambo jingine. Rekodi iliyolala katika simu ya mtafiti haina manufaa kwa darasa. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari la zama hizi, kwa sehemu kubwa, ni ukurasa wa wavuti.

2.0 Kile Ambacho Maandishi Hayakisemi

Kabla ya kuingia katika tagi zenyewe, yafaa kuonyesha kwa nini sauti ni ya lazima. Chukua neno paa. Katika Kimvita, paa la nyumba hutamkwa kwa p isiyo na mpumuo, ilhali paa wa porini hutamkwa kwa p yenye mpumuo. Vivyo hivyo, kaa la moto halina mpumuo, lakini kaa wa baharini anao. Tahajia sanifu huandika maneno hayo kwa namna moja. Msomaji huyatofautisha kwa upatanisho wa kisarufi tu: paa hili, paa huyu.

Tofauti nyingine ni ya t. Kimvita kina t ya meno na t ya ufizi. Pale ambapo Kiswahili sanifu husema kucheka, Mmvita husema kuteka kwa t ya meno. Lakini kuteka maji kisimani hutamkwa kwa t ya ufizi. Mwanafunzi aliyezaliwa Kakamega au Dodoma akiliona neno kuteka katika shairi la Mombasa, maandishi hayamwambii ni kuteka kupi. Huenda akaelewa kinyume, na uchambuzi wake wote ukapotoka.

Hati ya Kiarabu nayo ina upungufu wake. Ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Hivyo e na i, au o na u, huweza kuandikwa kwa alama moja. Wanachuoni wa Mombasa walilitambua tatizo hili. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, na P. J. L. Frankl walichapisha mapitio ya kihistoria ya uandishi wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu pamoja na mapendekezo ya kuuboresha, wakijikita katika Kiswahili cha Mombasa. Kwa hiyo msomaji yumo kati ya hati mbili, kila moja ikisema lisilosemwa na nyingine. Shahidi wa tatu anahitajika, naye ni sikio.

3.0 Tagi na Historia Yake Fupi

HTML ni lugha ya kuwekea alama maandishi ili kivinjari kijue kila sehemu ni ya namna gani: kichwa, aya, orodha, picha au sauti. Alama hizo ndizo tagi. Tagi nyingi huja mbili mbili, ya kufungua na ya kufunga, na ya kufunga hutanguliwa na mkwaju. Ndani ya tagi ya kufungua huwekwa sifa, ambazo huongeza maelezo kama vile jina la faili au lugha ya maandishi.

Tim Berners-Lee alipoibuni HTML akiwa katika kituo cha CERN, kurasa za awali zilikuwa maandishi matupu yenye viungo. Tagi ya picha, `<img>`, ilianza kutumika mwaka 1993. Kisha ukaja wakati wa ushindani, na kampuni ya Netscape ikaleta `<embed>` ili kivinjari kiweze kuita programu ya nje icheze sauti au video. HTML 4.0, iliyotolewa Desemba 1997, iliidhinisha `<object>` kwa kazi hiyo hiyo. Tangu hapo, kwa miaka mingi, ukurasa wenye sauti ulitegemea programu ya ziada ambayo msomaji alilazimika kuisakinisha katika tarakilishi yake. Iliyoenea mno ilikuwa Flash.

Mfumo huo uliporomoka. Flash iliacha kuungwa mkono tarehe 31 Desemba 2020, na Januari 2021 maudhui yake yakazuiwa kabisa kuchezwa. Kurasa zilizokuwa na masomo, michezo na nyimbo zikabaki na kisanduku kitupu. Walioathirika zaidi ni wale waliokuwa wameitia sauti yao ndani ya faili la Flash bila kuhifadhi nakala asilia, kwani kuitoa humo kulihitaji ufundi wa pekee. Kilichowaponza si HTML. Waliyafunga maudhui yao katika sanduku ambalo ufunguo wake ulimilikiwa na mtu mwingine.

Suluhisho lilikuwa limekwisha kupatikana. HTML5, iliyopitishwa rasmi na shirika la W3C mwezi Oktoba 2014, ilileta `<audio>` na `<video>`, tagi ambazo kivinjari huzielewa chenyewe bila programu ya ziada. Sehemu zinazofuata zinajikita katika tagi hizi.

4.0 Kupachika Sauti

Tuseme mwanafunzi amerekodi mzee wa Kibokoni akitamka paa mbili zilizotajwa hapo juu. Katika ukurasa wake ataandika hivi:

```
<audio controls preload="none">
  <source src="paa.ogg" type="audio/ogg">
  <source src="paa.mp3" type="audio/mpeg">
  <a href="paa.mp3">Pakua sauti hii</a>
</audio>
```

Sifa ya controls humpa msomaji vitufe vya kuchezea, kusimamishia na kurudia. Ikiachwa, sauti itakuwemo ukurasani lakini msomaji hataiona wala hatakuwa na pa kubofya. Tagi mbili za `<source>` zinataja faili moja katika miundo miwili. Kivinjari huzisoma kutoka juu kwenda chini na kuchukua ya kwanza inayowezekana kuchezwa. Kiungo kilichowekwa mwishoni huonekana tu katika kivinjari kikuukuu kisichoitambua tagi ya `<audio>`. Ni akiba ya siku ya dhiki.

Sifa ya preload="none" ina umuhimu wa pekee kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Hukiambia kivinjari kisipakue sauti mpaka msomaji aombe. Ukurasa wenye maneno 20 ya kusikiliza usiandikwe kwa namna ya kumtoza msomaji data ya maneno yote 20 ilhali ametaka moja.

Suala la ukubwa wa faili lifanyiwe hesabu. Rekodi ya WAV ya ubora wa diski, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na mikondo miwili, hula kilobaiti 176.4 kwa kila sekunde. Shairi linaloghaniwa kwa dakika 3, sawa na sekunde 180, litakuwa na takribani megabaiti 31.8. Likibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha sauti ya mtu mmoja anayesema, litahitaji kilobaiti 8 kwa sekunde, au takribani megabaiti 1.4. Zamani za modemu ya kilobiti 56, ambayo hata ikifanya kazi kwa ukamilifu wake haipitishi zaidi ya kilobaiti 7 kwa sekunde, hata faili hilo dogo lingechukua zaidi ya dakika 3 kupakuliwa: kungoja kungezidi kusikiliza. Mambo yalibadilika mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Lakini kasi ya waya ufukweni si kasi ya simu ya mwanafunzi kijijini, wala bei ya data haijawa bure.

Kanuni inayotokana na hesabu hii ni mbili katika moja: WAV ihifadhiwe kama nakala asilia, na MP3 ipachikwe ukurasani. Kinachobanwa hakirejei kilivyokuwa. Mtafiti wa baadaye atakayetaka kupima mpumuo wa p kwa vyombo vya fonetiki ataihitaji ile asilia, kwa sababu ubanaji huweza kufuta chembe ndogo za sauti ambazo ndizo anazozitafuta.

5.0 Video na Manukuu

Kwa kughani, sauti hutosha. Kwa mambo yanayohitaji kuonekana, kama vile nakshi za milango ya Mji wa Kale au mikono ya mpiga udi, video ndiyo ifaayo:

```
<video controls width="480" poster="ngome.jpg" preload="none">
  <source src="ngome.mp4" type="video/mp4">
  <track src="ngome.vtt" kind="captions" srclang="sw"
         label="Kiswahili" default>
</video>
```

Sifa ya poster hutaja picha inayoonekana kabla video haijaanza. Tagi ya `<track>` huleta manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha sambamba na maneno. Faili la manukuu ni maandishi ya kawaida yanayoanza kwa neno WEBVTT, na kila sentensi hupewa muda wake:

```
WEBVTT

00:00:00.000 --> 00:00:04.000
Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593.

00:00:04.000 --> 00:00:08.000
Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.
```

Manukuu yana faida tatu. Kwanza, humwezesha asiyesikia kufuata. Pili, humsaidia mwanafunzi wa lahaja nyingine kuona tahajia ya neno wakati uleule anaposikia matamshi yake. Tatu, maandishi yanaweza kutafutwa, ilhali picha jongefu haitafutiki kwa neno. Mwalimu anaweza kuandaa mafaili mawili, moja likifuata matamshi ya Kimvita na jingine likitoa sawiya yake katika Kiswahili sanifu, kisha akayaweka kwa `<track>` mbili na msomaji akachagua.

6.0 Miswada na Hati ya Kiarabu

Kosa linalotokea mara kwa mara ni kupiga picha ya mswada na kuiweka ukurasani peke yake. Picha ni ushahidi muhimu, lakini kwa kivinjari ni madoa ya rangi tu. Hakijui kuwa ndani yake mna ubeti. Picha ya mswada yafaa iandamane na mambo mawili. La kwanza ni sifa ya alt, inayoieleza picha kwa maneno kwa manufaa ya asiyeona, ambaye programu yake humsomea kilichoandikwa. La pili ni nakala ya maandishi yenyewe:

```
<p lang="sw-Arab" dir="rtl"> ... </p>
<p lang="sw"> ... </p>
```

Aya ya kwanza inatangaza kuwa lugha ni Kiswahili, hati ni ya Kiarabu, na mwelekeo ni kutoka kulia kwenda kushoto. Ya pili ni Kiswahili kwa hati ya Kirumi. Tangazo hili si urembo. Kivinjari kisipoambiwa lugha, huenda kikadhani maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ni Kiarabu, na chombo cha kusoma kwa sauti kikayatamka visivyo. Kuandika lang="sw" ni kukitambulisha Kiswahili kwa jina lake mbele ya mashine. Wanafunzi wengi wa Kiswahili huchapisha kazi zao katika kurasa ambazo kiolezo chake kimetangaza lugha nyingine, wala hawajui.

7.0 Zoezi Shirikishi

Ukurasa shirikishi ni ule unaomtaka msomaji atende, si asome tu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa jambo hilo halipatikani bila programu nzito. Tagi za `<details>` na `<summary>` zinaonyesha vinginevyo:

```
<p>Sikiliza. Je, neno hili lina maana ya mnyama
   au sehemu ya nyumba?</p>
<audio controls src="neno1.mp3"></audio>
<details>
  <summary>Fungua jibu</summary>
  <p>Ni mnyama. P yake ina mpumuo.</p>
</details>
```

Jibu hubaki limefichwa mpaka msomaji abofye. Mwanafunzi husikiliza, hukisia, kisha hujisahihisha. Akikosea, hurudia sauti. Hapana shaka kwamba zoezi la namna hii, lenye jozi za paa, kaa na teka, litamfunza matamshi ya Kimvita kwa saa moja kuliko maelezo ya kurasa kumi. Yafaa majibu yasifuate mpangilio unaotabirika, na kila neno lisemwe na watu wasiopungua wawili, ili msomaji ajifunze sauti ya lahaja na si sauti ya mtu mmoja.

8.0 Dirisha la Nyumba ya Jirani

Tagi ya `<iframe>` hupachika ukurasa wa mahali pengine ndani ya ukurasa wako, kama dirisha linaloangalia nyumba ya jirani. Kwa njia hii ramani ya Mji wa Kale kutoka OpenStreetMap, yenye Ndia Kuu na vichochoro vyake, inaweza kuonekana katikati ya somo, na msomaji akaisogeza apendavyo. Sifa ya title iwekwe daima ili asiyeona ajue ndani ya dirisha mna nini.

Urahisi huu una gharama yake. Jirani akihama, dirisha hubaki likitazama ukuta. Video iliyopakiwa katika mtandao wa kampuni fulani huweza kuondolewa bila taarifa, na msomaji huweza kufuatiliwa nyendo zake na kampuni hiyo. Kwa hiyo `<iframe>` inafaa kwa vitu ambavyo kupotea kwake hakutaharibu somo. Rekodi ya mzee ambaye huenda asipatikane tena haiingii katika kundi hilo.

9.0 Haki na Adabu

Mashairi ya Muyaka hayana tena hakimiliki, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya kufa mtunzi. Lakini tafsiri, maelezo na uhariri wa wataalamu wa baadaye huweza kuwa na ulinzi wake. Rekodi za sauti nazo hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipofanywa. Mwanafunzi asipachike wimbo wa Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Mombasa aliyefariki 2014, kwa sababu tu amepata kanda yake nyumbani. Kumiliki kanda si kumiliki wimbo.

Zaidi ya sheria kuna adabu. Mzee aliyekubali kurekodiwa barazani huenda hakukubali kusikika duniani kote. Aombwe idhini mara mbili: ya kurekodi na ya kuchapisha, aelezwe kuwa sauti ikishapakuliwa na wengine haiwezi kurudishwa. Vilevile ukurasa usipige sauti wenyewe pindi unapofunguliwa. Vivinjari vingi siku hizi huzuia jambo hilo, lakini hata visingezuia, mwenye kubisha hodi hungoja akaribishwe.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa tagi chache zatosha kupachika sauti, video, miswada na mazoezi katika ukurasa wa wavuti: `<audio>`, `<video>`, `<source>`, `<track>`, `<details>` na, kwa tahadhari, `<iframe>`. Yameonyesha pia kuwa uteuzi wa tagi ni uamuzi kuhusu uhai wa kazi, kama ilivyodhihirika Flash ilipozimwa.

Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), aliyefanya kazi yake kubwa Mombasa, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeasisi maneno runinga na tarakilishi, akiamini kuwa Kiswahili kinaweza kuvipa majina vyombo vipya kutokana na hazina yake chenyewe. Kazi iliyobaki ni kuitia sauti ya Kiswahili ndani ya vyombo hivyo. Inapendekezwa kwamba kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kianze na lahaja moja, jozi kumi za maneno na wasemaji wawili, kihifadhi WAV mahali pasipopungua pawili, na kuandika ukurasa wake kwa tagi sanifu. Kazi hiyo ni ya juma moja. Wanaozitamka t mbili bila kufikiri wangalipo Kibokoni na Kuze, lakini watoto wao wanasoma kwa tahajia isiyozitofautisha.